Bibi wa Chini, Aliyejifunza Kungoja Ukubwani

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wa kliniki, na ninyi watoto mliokaa chini hapo mbele bila kuambiwa na mtu: leo, Ijumaa tarehe 11 Oktoba 2024, tumekuja kumsindikiza mama, bibi, shangazi, jirani na mwalimu wetu. Wakubwa walimwita Bi. Kengele. Wadogo walimwita Bibi wa Chini. Majina yote mawili alikuwa akiyaitikia. Wasifu huu ni habari ya namna alivyotoka kwenye jina la kwanza akafika kwenye la pili, na ya mtu mmoja aliyemngoja njiani kwa miaka mingi.

Alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mtunza stoo wa reli, mama yake mshonaji wa magodoro. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na ukuta mmoja ulishikana na karakana ya treni, hivyo injini ikiwashwa vikombe vilitembea vyenyewe mezani. Alifika duniani wiki tatu kabla ya siku zake. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu hata tumboni hakutaka kupanga foleni." Inasemekana alitembea akiwa na miezi tisa, na kwamba hakupitia hatua ya kutambaa kabisa. Wajukuu walipomuuliza kama ni kweli, alijibu, "Kutambaa kulikuwa kunanichelewesha."

Alianza shule Januari 1958 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1969. Hakuwa wa kwanza darasani, ila alikuwa wa kwanza kumaliza mtihani, na mwenyewe alikiri kwamba mambo hayo mawili si ndugu. Akiwa darasa la tano alipewa kazi ya kupiga kengele ya shule. Siku moja saa ya mwalimu mkuu ilisimama, naye badala ya kwenda kuuliza akakadiria. Shule nzima ikaenda nyumbani dakika arobaini kabla ya wakati, walimu wawili wakiwemo. Aliadhibiwa kufagia uwanja wiki nzima. Alimaliza kwa siku tatu.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha blanketi kama karani wa mahudhurio. Kazi yake ilikuwa kusimama getini na daftari, kupiga kengele saa moja na nusu asubuhi, na kuandika jina la kila aliyeingia baada ya hapo. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na huko ndiko alikopata jina la Bi. Kengele. Waliofanya naye kazi, ambao baadhi yao wako hapa leo, wanakumbuka kwamba mtu akichelewa na kujitetea, "Bi. Kengele, haraka haraka haina baraka," yeye hakuinua hata kichwa. "Na polepole haina mshahara. Sahihi hapa."

Getini hapo hapo ndipo alipompata mume. Alikuwa fundi redio, mtu wa sauti ya chini, aliyeitwa kuja kutengeneza kipaza sauti. Alifika saa mbili na dakika kumi, akakuta daftari limeshafunguliwa.

"Umechelewa dakika arobaini."

"Dada, mimi si mfanyakazi wa hapa."

"Getini umeingia, hujaingia?"

"Nimeingia."

"Basi umechelewa. Sahihi hapa."

Fundi akasaini. Kesho yake akarudi saa kumi na mbili alfajiri, ingawa kipaza sauti kilikuwa kimeshapona, akauliza kama anaweza kufutiwa jana. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Julai 1974, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho bibi harusi alifika kabla ya wapambaji. Mumewe alikuwa kinyume chake kabisa. Aliweza kukaa saa nzima ameinamia redio mbovu, sikio kwenye spika, akisikiliza mkwaruzo mmoja. Nyumbani mkewe alisogeza saa ya ukutani mbele kwa robo saa ili mtu asichelewe kokote, naye fundi akawa anawaambia wageni, "Karibuni, nyumba hii tunakula chakula cha leo jana." Alitangulia mbele ya haki tarehe 9 Mei 2006.

Mungu aliwajalia watoto wawili: wa kiume mwaka 1976, ambaye leo ni fundi wa kuchomelea vyuma, na wa kike mwaka 1980, ambaye ni mpima ardhi.

Huyu wa kwanza alikuwa mtoto wa kutazama. Akiona msururu wa sisimizi, humpitishi hapo mpaka sisimizi wa mwisho aingie shimoni. Na mama yake alikuwa na geti la kufungua. Kumbeba kulikuwa haraka kuliko kumngoja atembee, basi alimbeba hadi miaka mitano, miguu ya mtoto ikimgonga magotini. Kumfunga vifungo kulikuwa haraka kuliko kumwacha ajaribu. Kumjibia kulikuwa haraka kuliko vyote. "Unataka chai au maziwa? Maziwa. Haya, kunywa." Swali na jibu vilitoka kinywa kimoja.

Jumatatu tarehe 10 Januari 1983 mtoto alianza darasa la kwanza. Mwalimu alimwinamia akamuuliza, "Unaitwa nani?" Mtoto akageuka kutazama mlango. Mama yake, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha na tayari amechelewa kazini, akalitaja jina kwa sauti. Darasa likacheka. Mwalimu akacheka. Mama naye akacheka, akakimbilia getini.

Kicheko hicho alikichukua akaenda nacho. Kwa miaka mingi, kwenye harusi, kwenye ugeni, kazini, alisimulia: "Mwanangu mimi hakujua jina lake mpaka nilipomtajia dirishani!" Watu walicheka wakashika mbavu, kwa sababu marehemu alijua kusimulia. Mwenye jina hakucheka, ila hakuna aliyegeuka kumtazama. Mtoto akakua, akawa kijana mpole, mchapakazi, anayemheshimu mama yake na kumletea kila anachohitaji, na asiyemwambia neno lolote linalozidi salamu. Mama alidhani ndivyo wanaume walivyo.

Kiwanda kilifungwa Ijumaa tarehe 28 Juni 1996. Alikaa nyumbani miezi minane, muda ambao binti yake anauita majaribu ya familia, kisha tarehe 3 Machi 1997 akapata kazi kliniki ya mama na mtoto. Kazi yenyewe ilikuwa kugawa namba za foleni. Mumewe alisema kazi hiyo ilikuwepo kabla yeye hajazaliwa, ilikuwa inamsubiri tu.

Kliniki ilikuwa na ukumbi mmoja mrefu wenye mabenchi sita, dirisha la dawa lililo juu sana, na watoto wengi waliochoka kukaa. Wazazi wengine walingoja muda wa saa nne kupimiwa mtoto uzito. Karani ni karani: asubuhi moja, namba zote zikiwa zimeshagawiwa, aligeuza daftari akaanza kuhesabu nyuma yake kile alichokisikia. "Usiguse," mara sitini na moja. "Nyamaza," mara hamsini na nne. "Njoo hapa," mara arobaini. Kisha akaweka safu nyingine, ya maswali ambayo mtoto aliulizwa na mzazi akangoja jibu. Ilipofika saa sita mchana safu hiyo ilikuwa bado nyeupe.

Aliiangalia ile safu, akakumbuka dirisha la darasa.

Alirudi nyumbani siku hiyo akakaa bila kuangalia saa. Mumewe alimuuliza kama anaumwa. Alijibu, "Hapana. Nimesikia kitu," na fundi redio, aliyeelewa maana ya kusikia kitu, hakuuliza zaidi.

Wiki iliyofuata alikuja kazini na mfuko wa vifuniko vya chupa. Aliwagawia watoto wa foleni, akawaambia wavipange wanavyotaka. Mmoja alipanga kwa rangi. Mwingine alipanga kwa kutu: vyenye kutu nyingi, vyenye kutu kidogo, na visivyo na kutu. Hakuna mtu mzima aliyewahi kufikiria kupanga kwa kutu. Ukumbi ulitulia mpaka mganga akatoka ofisini kuangalia kama kuna tatizo.

Mwaka 2001 sista msimamizi wa kliniki alimpeleka kwenye mafunzo ya miezi mitatu ya malezi na ujifunzaji wa awali. Alikuwa na miaka hamsini, akakaa dawati moja na wasichana wa umri wa binti yake. Siku ya kwanza mkufunzi aliwaambia wafumbe macho, watulie, wazifuate pumzi zao kwa dakika tano. Haikupita dakika moja sauti ya marehemu ikasikika: "Samahani mwalimu, tunamsubiri nani?" Alisema baadaye kwamba hilo ndilo somo gumu kuliko yote aliyowahi kusoma, hesabu ikiwemo. Ilimchukua wiki saba kufikisha dakika tano. Alipofikisha aliandika tarehe na saa.

Jumamosi tarehe 5 Januari 2002 alifungua chumba. Kilikuwa stoo ya mizani mbovu nyuma ya kliniki. Alikipaka rangi mwenyewe, akatandika mkeka, akapanga maboksi yawe rafu fupi ambazo mtoto wa miaka miwili anaweza kufikia bila kuomba. Siku hiyo zilikuja familia tatu, na moja ilikuja kwa makosa ikidhani ni chanjo. Ndiyo iliyodumu kuliko zote.

Wengi wenu mmepita pale, lakini kwa ambao hawakupita, mambo yalikuwa hivi. Mlangoni kulikuwa na kapu la simu. Kila mzazi alikaa chini, awe na suti au asiwe nayo. Kwanza watoto na wazazi walilala chali, kila mmoja na mdoli wa kitambaa tumboni, wakiuinua na kuushusha kwa pumzi mpaka mdoli "ulale." Wanaume wazima, wabeba mizigo na wahasibu, walilala pale wanabembeleza midoli. Kisha walikaa kimya, na kila aliyesikia sauti aliinua kidole: mlango, ndege, pikipiki, bomba. "Tumbo la baba linaongea," alisema mtoto mmoja, na baba yake hakuwa na pa kujificha. Baada ya hapo kulikuwa na vifungo vya kupanga, uzi wa kutunga, mfuko wa kupapasa vitu bila kuviona, na vikombe viwili vya kumiminiana maji. Maji yalipomwagika hakuna aliyepiga kelele. Marehemu alionyesha tambara tu. "Hilo linafuta. Kelele hazifuti."

Na kulikuwa na kumi. Ukimuuliza mtoto jambo, unahesabu kumi moyoni kabla hujafungua mdomo tena. Dereva mmoja wa lori alikuja na mwanawe wa miaka mitatu, akamwinulia kijiko.

"Hiki nini? Sema. Kijiko. Si kijiko hiki?"

"Baba, unamuuliza nani?" akauliza marehemu.

"Namuuliza mtoto."

"Mbona umejibu wewe? Kumi, baba."

"Moja! Mbili! Tatu!"

"Moyoni, baba. Tusikuhesabie."

Dereva akahesabu moyoni, jasho likimtoka. Alipofika tisa mtoto akasema, "Cha mama cha sukari." Dereva akageukia chumba kizima, macho yamemtoka. "Kumbe anajua mpaka mwenye kijiko!"

Jina la Bibi wa Chini lilitoka kwa watoto. Kwenye dirisha la dawa alikaa mama mwingine mtu mzima, naye alikuwa Bibi wa Juu. Huyu wa kwetu alikaa mkekani. Watoto hawakuona haja ya maelezo mengine, na Bibi wa Juu, ambaye yuko nasi leo, anasema alikuwa akimwonea wivu.

Familia haitasimulia mema peke yake, kwa kuwa marehemu mwenyewe alikataza. Chumba kilipotimiza miaka kumi, Jumamosi tarehe 7 Januari 2012, wazazi walijaa hadi nje. Mtoto wake wa kwanza alikuwepo, si kama mgeni, alikuwa juu ya ngazi upande wa nje akifunga nondo za dirisha ambazo mama alimwomba. Ndani, marehemu akifundisha kuhusu kumi, alitaka mfano. Akautoa ule wa zamani. "Mimi mwanangu hakujua jina lake mpaka nilipomtajia dirishani!" Wazazi wakacheka.

Dirishani, mwanawe, yule fundi wa vyuma, alivua miwani yake ya kazi.

"Mama," alisema, bila kupandisha sauti. "Miaka ishirini na tisa unaisimulia hiyo. Hujawahi kuniuliza mimi niliionaje."

Akashuka ngazi, akakusanya vifaa, akaondoka. Jumatatu alimtuma fundi mwenzake kumalizia nondo. Yeye mwenyewe hakukanyaga tena pale.

Marehemu hakujitetea kwa mtu. Wapo waliomwambia, "Mama, kijana wako ana hasira, mwache atapoa." Aliwajibu, "Hana hasira. Ana jibu. Mimi ndiye sijamngoja." Tangu siku hiyo hakusimulia tena kichekesho kile, na alichokitaka maishani kikawa kimoja: kulisikia jibu la mwanawe, kwa mdomo wa mwanawe.

Jumatano ya tarehe 11 Januari alikwenda karakana ya fundi, akapindua ndoo, akakaa.

"Mama, umekuja na shida gani?"

"Nimekuja kukusikiliza."

"Sina la kusema."

"Sawa. Endelea na kazi."

Alikaa kwa muda wa saa mbili katikati ya mageti na cheche, akaondoka. Jumatano iliyofuata akarudi, na iliyofuata. Wateja wakaanza kuuliza, "Huyu mama anangojea geti lake?" Fundi akawajibu, "Hapana. Ananingojea mimi," kwa sauti ya mtu anayetaka ionekane ni utani. Bi. Kengele wa zamani asingeweza kukaa Jumatano moja. Bibi wa Chini alikaa kumi na moja.

Jumatano ya kumi na mbili, tarehe 28 Machi 2012, fundi alikuwa anapiga msasa bawaba. Bila kuinua macho akasema, "Jina langu nilikuwa nalijua."

Marehemu alimwambia binti yake baadaye kwamba hapo alihesabu, akapita kumi, akafika kumi na nne, na kila namba ilikuwa na miiba.

"Nilikuwa natazama mlango nifikiri," fundi akaendelea. "Mwalimu alikuwa na sauti kubwa. Nilitaka nianze vizuri. Ningesema, Mama."

"Ungesema," alijibu. "Mimi ndiye niliyekukata. Nisamehe, baba."

Fundi alipiga msasa kidogo. Kisha akasema, "Haya, inuka kwenye hiyo ndoo. Itakuchora duara." Wakaenda kunywa chai. Kutoka siku hiyo walizungumza: mambo ya kawaida, bei ya vyuma, goti la mama, watoto. Ila jambo moja fundi aliliweka wazi. "Huko kwa watoto usinialike. Nikiingia pale nitajiona nina miaka sita." Naye akamwambia, "Sikualiki." Hakumwalika kwa miaka kumi na miwili. Ila wazazi waliona kwamba kila Jumamosi alichagua kukaa mahali pale pale, akiuelekea mlango.

Mwezi Julai 2022 miguu yake ilianza kuvimba, na daktari akagundua moyo umepanuka. Alipewa dawa na akaambiwa apumzike. Alizimeza dawa, na kwa kupumzika alielewa kwamba sasa aende chumbani kwa watoto taratibu. Aliona inachekesha kwamba yeye aliyefundisha mtaa mzima kupumua, sasa daktari ndiye anayemhesabia pumzi. "Mwambie nilianza mimi," alisema.

Agosti mwaka huu kamati ya kliniki ilileta barua. Ilikuwa barua ya adabu. Ilisema kwamba ifikapo mwisho wa Oktoba lazima apatikane mtu mwingine wa kusaini kuwa msimamizi wa chumba, la sivyo kitarudi kuwa stoo. Wazazi saba walijitolea. Marehemu aliwashukuru wote, akawaomba waendelee kusaidia, na hakumtaja yeyote. Binti yake, ambaye kazi humpeleka mbali mwezi mzima, alimkaripia kidogo: "Mama, utakifunga chumba kwa kuchagua!" Akajibu, "Wa kuongea na watoto ni wengi. Namtafuta anayejua uchungu wa kutongojwa." Kila mtu akajua ni nani, na hakuna aliyethubutu kulitaja jina. Yeye mwenyewe hakumwomba. Aliogopa kumjibia tena.

Jumamosi tarehe 28 Septemba miguu ilikataa kabisa. Kiti cha magurudumu alikuwa ameazimiwa wiki hiyo, binti alikuwa safarini, basi fundi ndiye aliyekuja kumsukuma, bado amevaa ovaroli. Walipofika mlangoni mwa chumba, kiti kiligoma. Fundi aliupima mlango kwa macho.

"Hakipiti, Mama."

"Najua."

"Ulijua tangu nyumbani?"

"Tangu jana. Nilikipima."

Fundi akacheka kwa pua, akamwinua mama yake mikononi, akavuka naye kizingiti, akamweka mkekani. Hivyo ndivyo alivyoingia. Akasimama katikati ya chumba, kichwa karibu na taa, hajui mikono aiweke wapi. Msichana wa miaka mitatu akamsogelea na kopo la vifungo.

"Wewe mtoto wa nani?"

Marehemu akafungua mdomo. Waliokuwepo wanasema waliiona midomo ikianza kuliunda neno, kisha wakaiona ikifunga. Akaangalia mikono yake. Fundi aligeuka akatazama mlango. Akakaa hivyo muda ambao hakuna anayekubaliana na mwenzake ulikuwa mrefu kiasi gani. Msichana wa vifungo hakuwa na wasiwasi, amelelewa pale. Akangoja.

"Mtoto wa Bibi wa Chini," fundi akasema. "Wa kwanza."

"Haya, kaa," akaambiwa.

Akakaa. Mpaka saa sita mchana alikuwa hapo anapanga vifungo, vyenye matundu mawili huku, vya matundu manne kule, akiuliza maswali na kunyamaza. Jioni marehemu alimpigia simu binti yake. Hakueleza mengi kwa sababu pumzi zilikuwa fupi. Alisema, "Leo sikumjibia," na ikabidi binti aegeshe gari.

Siku za mwisho alikuwa nyumbani, kitanda kimesogezwa dirishani. Jumatatu alasiri fundi alimuuliza, "Mama, nikikichukua kile chumba nitawafundisha nini? Mimi najua chuma tu." Jibu lilichukua muda kupanda, na fundi hakulikimbilia. "Utaanza vibaya," mama alisema. "Wazazi watakusamehe. Watoto hawatagundua." Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, watoto wake wote wawili wakiwa wamekaa chini kando ya kitanda.

Kesho yake fundi alikwenda ofisi ya kamati. Karani alimsomea fomu: jina, umri, kazi. Alipofika kwenye mstari wa uzoefu katika malezi alimwona amekaa kimya, akainua kalamu aandike "hana."

"Ngoja," fundi akasema. "Nafikiri." Na alipomaliza kufikiri akamwambia, "Andika: nililelewa na mwenye chumba. Mara mbili."

Karani aliandika, fundi akasaini.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume na mkewe, mtoto wa kike na mumewe, wajukuu watano, kitukuu mmoja wa miezi minane, kaka mmoja, wadogo zake wawili wa kike, na watoto elfu moja mia moja sitini na watatu ambao majina yao yamo kwenye daftari la chumba kwa mwandiko wake. Baadhi yao wana ndevu sasa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha, na wazazi wa Jumamosi. Inawatangazia pia kwamba kesho, tarehe 12 Oktoba, chumba kitafunguliwa saa tatu asubuhi kama kawaida. Fundi anaomba mje na watoto, na muwe na subira naye.

Mungu ampe mama yetu pumziko jema, na amani isimwache.